Andrew Jackson na mkataba wa Seyyid Said: mtu wa vita alifikaje Muscat na Zanzibar?

Swali lililonifikia, kwa kifupi, linasema hivi: "Nimesoma kwamba mkataba wa kwanza kati ya Marekani na Seyyid Said ulisainiwa 1833, rais akiwa Andrew Jackson. Lakini Jackson ninayemjua mimi ni yule jenerali aliyewafukuza wenyeji kwenye ardhi zao. Sasa mtu kama huyo alihangaikaje na Zanzibar? Alikuwa na sera ya nje kweli, au mambo yalijitokea tu?"

Ndugu yangu, swali zuri sana hili, na jibu la moja kwa moja ni kwamba sera alikuwa nayo, tena iliyonyooka kabisa ukishaielewa. Jackson aliyaangalia mataifa mengine kwa mambo mawili tu: nani anatudai au tunamdai, na nani katudharau. Kwenye ujumbe wake wa kwanza kwa Kongresi, Desemba 1829, alisema atadai kile tu kilicho haki wazi na hatakubali chochote kilicho dhulma, na mi nadhani alimaanisha hivyohivyo neno kwa neno, ila "haki" aliipima mwenyewe. Huko Muscat, mji wa Seyyid Said kule Oman, alifika kupitia biashara, na ile habari ya ardhi za wenyeji ntaifikia baadaye, maana imeungana na Zanzibar kuliko watu wanavyofikiri.

Kwanza mtu mwenyewe, maana bila maisha yake sera yake haieleweki.

Alizaliwa 15 Machi 1767 sehemu inaitwa Waxhaws, mpakani mwa Carolina ya Kaskazini na ya Kusini, wazazi walitoka Ireland miaka miwili tu nyuma yake, na baba alifariki wiki chache kabla mtoto hajazaliwa. Vita ya uhuru ikamkuta bado mdogo. Kaka yake mkubwa Hugh akafia vitani 1779, na 1781 Waingereza wakamkamata Andrew akiwa na miaka 14 pamoja na kaka yake mwingine, Robert. Afisa mmoja akamwamuru amsafishie buti zake, kijana akagoma, akasema yeye ni mfungwa wa vita na atendewe kama mfungwa wa vita, yule afisa akachomoa upanga akamshushia, Andrew akainua mkono kujikinga, upanga ukamkata mkono wa kushoto na kichwani. Yale makovu alitembea nayo maisha yake yote. Halafu gerezani Camden ndugu wote wawili wakapata ndui, mama akahangaika mpaka akawatoa, Robert akafa baada ya kutoka, Andrew akapona, mama naye akaenda Charleston kuuguza wafungwa waliokuwa kwenye meli za Waingereza akafia hukohuko. Kwa hiyo mwaka mmoja tu unampokonya kaka na mama, na mkono uliohusika kote ni mmoja, wa Waingereza. Ukimwona baadaye anavyoongea kuhusu heshima ya taifa usidhani ni maneno ya jukwaani.

Jambo la pili halisemwi sana na mi naona lina uzito karibu sawa na lile la upanga. Akiwa mwanasheria Nashville aliingia kwenye biashara ya ardhi na duka, na 1795 akasafiri mpaka Philadelphia kuuza ardhi kwa mfanyabiashara mmoja, David Allison. Allison hakutoa pesa taslimu, alitoa hati za kuahidi kulipa. Jackson akazichukua zile hati akazisaini nyuma, yaani kujiweka mdhamini wa lile deni, akanunulia bidhaa za duka lake. Allison akafilisika, na wenye bidhaa wakamgeukia Jackson! Deni la mtu mwingine likawa lake, na lilimsumbua miaka kibao. Tangu hapo alichukia deni, alichukia karatasi zinazojifanya pesa, alichukia mabenki, na mtu aliyeahidi kulipa kisha akapiga chenga alimwona mwizi kabisa. Januari 1835 serikali yake ikamaliza kulipa deni lote la taifa, jambo ambalo Marekani haijawahi kulifanya tena.

Ya katikati napita haraka. Januari 1815 aliwashinda Waingereza New Orleans, kumbe mkataba wa amani ulishasainiwa Ghent 24 Desemba ila habari zilikuwa bado baharini, na hiyo ndiyo ikamfanya shujaa wa taifa. 1818 akaingia Florida, ambayo ilikuwa mali ya Hispania, akiwafuatilia Waseminole, kabila la wenyeji wa huko, akateka ngome za Wahispania, na akawaua raia wawili wa Uingereza, Arbuthnot na Ambrister, baada ya kuwafanyia mahakama ya kijeshi ya haraka haraka. Washington wakapigwa na butwaa, mawaziri wengi wa Rais Monroe walitaka aadhibiwe, na aliyemtetea ni John Quincy Adams, waziri wa mambo ya nje, ambaye akaitumia ileile fujo kuibana Hispania mpaka mkataba wa kuiachia Florida ukasainiwa Februari 1819. Miaka kumi baadaye hao wawili walikuwa maadui wakubwa, lakini pale walifaana.

Sasa anaingia ikulu Machi 1829, mjane, mke wake Rachel kafariki Desemba baada ya uchaguzi. Wanadiplomasia wana hofu, wanasema huyu ataanzisha vita na kila mtu. Wakakuta kitu tofauti kabisa. Uingereza, adui wa utotoni mwake, aliongea nayo kwa upole mpaka wenyewe wakashangaa, balozi wake London Louis McLane akapatana nao, na Oktoba 1830 bandari za makoloni ya Uingereza kule Karibi zikafunguliwa kwa meli za Marekani, kitu ambacho Adams, rais aliyemtangulia, alishindwa kukipata. 1830 hiyohiyo mkataba wa biashara na Dola ya Uthmani ukasainiwa, meli za Marekani zikaruhusiwa kuingia Bahari Nyeusi. Denmark ikakubali kulipa fidia ya meli zilizokamatwa enzi za vita za Napoleon, dola 650,000. Naples nayo ikakubali 1832, Hispania 1834. Ukiyaangalia kwa pamoja unaona anachofanya: anapitisha daftari la madeni ya zamani nchi moja baada ya nyingine, na anafungua bandari.

Pagumu palikuwa Ufaransa, na hapa ndipo Jackson mzima anaonekana. Napoleon alikamata meli nyingi za Wamarekani na marais wote waliotangulia walidai wakachoka. Tarehe 4 Julai 1831 Ufaransa ikasaini kwamba italipa faranga milioni 25 kwa awamu 6, kila mwaka moja. Awamu ya kwanza ilipoiva, mwanzoni mwa 1833, hazina ya Marekani ikaandika hati ya kuchukua pesa Paris, ikaipitishia Benki ya Marekani, ile iliyotunza pesa za serikali, ilipofika Paris wakaambiwa hakuna pesa, Bunge halijaidhinisha. Hati ikarudi bila kulipwa, na ile Benki (ambayo Jackson tayari yuko nayo kwenye vita ya kufa na kupona) ikaidai serikali asilimia 15 ya fidia kwa usumbufu! Hebu fikiria mtu aliyeumizwa na hati za Allison anakutana na hiyo akiwa rais.

Aprili 1834 Bunge la Ufaransa likakataa kabisa kutoa pesa. Desemba Jackson akapeleka ujumbe Kongresi akaomba sheria ya kuruhusu kukamata mali za Wafaransa iwapo hawatalipa. Paris wakakasirika, wakamrudisha balozi wao nyumbani, manowari zikaanza kuandaliwa. Aprili 1835 Bunge la Ufaransa likapitisha malipo, lakini kwa sharti kwamba rais wa Marekani aeleze maneno yake kwanza, kwa maana nyingine aombe radhi. Unamjua sasa, huyu ni yule kijana wa buti. Akajibu Desemba 1835 kwamba heshima ya nchi yake haitatiwa doa kwa yeye kuomba radhi. Lakini soma ujumbe wenyewe vizuri, maana kwenye karatasi ileile alieleza kwamba hakukusudia kuitisha wala kuitukana serikali ya Ufaransa, kwa hiyo aligoma kuomba radhi huku maelezo yenyewe ameyatoa! Uingereza ikaingia kusuluhisha, Wafaransa wakasema maelezo hayo yanatosha, mwaka 1836 pesa ikalipwa. Wanaosema hakujua diplomasia wangesoma hapa.

Tuje Muscat na Zanzibar.

Seyyid Said bin Sultan wakati ule anatawala Oman na pwani ya Afrika Mashariki, na meli za Wamarekani, hasa za Salem, Massachusetts, zilishaanza kuingia Zanzibar kuchukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Mmoja wa wafanyabiashara hao alikuwa Edmund Roberts wa Portsmouth, New Hampshire, mtu aliyekuwa na mali akaipoteza, akaja Zanzibar 1827 kutafuta pa kuanzia upya. Maofisa wa forodha wakamsumbua, bidhaa zake hakuweza kumuuzia amtakaye kwa bei anayotaka. Januari 1828 Seyyid Said mwenyewe akafika Zanzibar, Roberts akapata nafasi ya kumweleza malalamiko, na kwenye mazungumzo hayo Said akaonyesha wazi anataka biashara na Wamarekani. Ukiangalia hali yake unamwelewa, Waingereza walishambana kwa mkataba wa 1822 wa kupunguza biashara ya watumwa, Mombasa bado iko mikononi mwa Mazrui, kwa hiyo mteja mkubwa asiye na jeshi wala koloni kwenye Bahari ya Hindi alikuwa rafiki wa maana sana.

Roberts aliporudi kwao akamfuata Levi Woodbury, mtu wa jimbo lake, ambaye Jackson alimteua waziri wa jeshi la majini 1831. Mwaka huohuo ikatokea ishu ya Sumatra, meli ya Salem iitwayo Friendship ikavamiwa Kuala Batu na mabaharia wakauawa. Jackson akatuma manowari Potomac, ikaupiga ule mji Februari 1832, wakafa watu wengi wasiohusika, magazeti ya kwao wenyewe yakalaani. Lakini Januari 1832 alishamteua pia Roberts kuwa mjumbe maalumu wa kwenda kufanya mikataba Asia, na ilifanywa kimyakimya kiasi kwamba kwenye manowari ya Peacock aliandikishwa kama karani wa nahodha, ili mataifa ya Ulaya yasishtuke yakawahi. Hivyo bahari ileile inapokea mzinga na mkataba, kutoka kwa rais mmoja, ndani ya muda mfupi.

Cochin-China, ndiyo Vietnam ya leo, Roberts alishindwa. Siam akafaulu, Machi 1833. Akafika Muscat, na tarehe 21 Septemba 1833 mkataba ukasainiwa bila mvutano mkubwa, maana mwenye nchi mwenyewe alishautaka miaka mitano nyuma.

Naomba uuangalie vifungu vyake kwa karibu kidogo. Wamarekani waingie bandari zote za Sultani na kuuza kwa raia wake yeyote, bei isipangwe na ofisa (hayo ndiyo malalamiko ya Roberts ya Zanzibar, kayaandika kuwa sheria!). Ushuru asilimia 5 kwa mzigo ulioshushwa, basi, hakuna tozo nyingine, na meli iliyoingia kupumzika au kuchukua chakula bila kushusha mzigo isilipe kitu. Bunduki na baruti kisiwani Zanzibar ziuzwe kwa serikali peke yake, bandari nyingine ruksa. Kifungu hiki cha bunduki kinaonyesha Said alikuwa macho, hakusaini tu alichowekewa mbele. Halafu kuna kifungu cha meli itakayovunjika: mabaharia wapokewe vizuri na watunzwe kwa gharama ya Sultani mwenyewe mpaka wapate njia ya kurudi kwao. Na Marekani iruhusiwe kuweka konsuli.

Seneti ikaridhia 1834, na Roberts akatumwa tena na Peacock kupeleka hati zilizoridhiwa. Septemba 1835 ile manowari ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masirah, pwani ya Oman. Roberts akachukua mashua ndogo na watu wachache akaenda Muscat kuomba msaada, wenzake nyuma wakatupa mizinga baharini ili meli iwe nyepesi, ikanasuka. Said akatuma msaada, na baadaye akahakikisha ile mizinga imetolewa majini na kurudishwa kwa wenyewe bila kudai hata senti. Yaani kile kifungu cha kuvunjikiwa meli kilitekelezwa kabla wino haujakauka, kwa sababu pande mbili zilibadilishana hati zenyewe rasmi 30 Septemba 1835, siku chache baada ya ajali. Roberts hakurudi nyumbani, aliugua safarini akafia Macau Juni 1836, na mi naona kasahaulika isivyo haki, kwao na kwetu.

Uingereza ilikuja kupata mkataba wake wa biashara na Said 1839, na Ufaransa 1844. Wamarekani walitangulia.

Sasa lile la wenyeji wa Amerika. Wengi wanaweka kufukuzwa kwa makabila kwenye kabati la "mambo ya ndani" la Jackson, na sera ya nje kabati lingine. Kisheria haikuwa hivyo. Makabila yale yalikuwa mataifa, na yalifanya mikataba iliyoridhiwa na Seneti ileile iliyoridhia wa Muscat. Mwaka 1814, baada ya kuwapiga Wacreek kule Horseshoe Bend, Jackson aliwasainisha mkataba wa kuachia ekari milioni 23, na katika waliopoteza ardhi walikuwemo Wacreek waliopigana upande wake. Mei 1830 akasaini sheria ya kuwahamisha. 1832 Mahakama Kuu ikaamua kwamba jimbo la Georgia halina mamlaka juu ya nchi ya Wacherokee, na haikusaidia kitu. Desemba 1835 ukasainiwa mkataba wa New Echota na kikundi kidogo tu, bila ridhaa ya serikali ya Wacherokee, Seneti ikaupitisha kwa tofauti ya kura moja tu, na 1838 watu wakaswagwa kwa bunduki kwenda magharibi, inakadiriwa Wacherokee kama 4,000 walikufa. Yule aliyegoma kuomba radhi kwa ajili ya hati moja ya Ufaransa iliyorudi bila kulipwa, hapa ndiye anayevunja ahadi, na hilo haliwezi kuitwa kosa la bahati mbaya, alilipanga na kulisimamia miaka yote ya urais wake.

Ardhi ile ya Wacreek ndiyo ikawa sehemu kubwa ya Alabama, ikajazwa mashamba ya pamba na watumwa wa kuilima. Jackson mwenyewe alikuwa mkulima wa pamba kule Hermitage, shamba lake la Tennessee, na mwisho wa maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 100. Pamba ya kusini ikapanda kaskazini kwenye viwanda vya Massachusetts, ikafumwa marekani, ile nguo nyeupe ngumu ambayo babu zetu waliijua vizuri, ikapakiwa Salem, ikashushwa Zanzibar kwa ushuru wa asilimia 5, kisha ikabebwa na wapagazi mpaka bara kubadilishwa na pembe. Ndo maana nilisema mambo haya mawili yameungana. Mkataba wa 1833 ulikuwa wa haki kwa pande mbili zilizosaini, lakini bidhaa iliyoufanya uwe na faida ilitoka kwenye ardhi iliyonyang'anywa na mikono ya watu waliofungwa.

Texas naigusa tu. Alitaka kuinunua kutoka Mexico, mjumbe wake Anthony Butler akaharibu, kisha Texas ikajitenga 1836 chini ya Sam Houston, mtu wa Jackson kabisa. Watu walitegemea aikumbatie siku hiyohiyo, akangoja mpaka 3 Machi 1837, siku yake ya mwisho kamili ofisini, kwa sababu aliogopa ishu ya utumwa ingempasulia chama na kumharibia uchaguzi Van Buren, makamu wake aliyegombea kumrithi.

Kuhusu kama "mambo yalijitokea tu": safari ya Roberts ilianza na malalamiko ya mfanyabiashara mmoja na kujuana kwa watu wa New Hampshire, hiyo ni kweli. Lakini rais mwingine angeweza kuipuuza, na Jackson hakuipuuza kwa kuwa ilikaa sawa na alichokuwa akikifanya London, Istanbul na Paris. 1836 akamteua Richard Waters wa Salem kuwa konsuli wa Zanzibar. Waters alishuka Unguja Machi 1837, mwezi uleule Jackson anarudi Tennessee, na akaanza kazi karibu kabisa na Jairam Shivji aliyekodi forodha ya Sultani, ndipo mizigo ya Salem ikaanza kupita bila zile kero alizokutana nazo Roberts. Konsuli wa Uingereza, Hamerton, alimkuta pale 1841.